Mitambo miwili, kosa moja

Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.

Ndugu msikilizaji, nimepata barua kutoka kwa katibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Sitamtaja jina wala mji wake, maana biashara anayoiulizia bado haijafungwa. Wanachama wake wengi ni walimu na wauguzi, watu ambao shilingi yao haidondoki kutoka juu, na sasa wanataka kuachana na madaftari na kuweka hesabu zote kwenye kompyuta. Wakala aliyewafuata amewaahidi kompyuta kuu mbili, moja ikiwa kazini na nyingine ikikaa pembeni tayari, na zote mbili zikiwa na programu ile ile. "Ikianguka moja," wakala kawaambia, "nyingine inadaka hapo hapo. Hakuna senti itakayopotea." Kisha akaongeza, kwa madaha kidogo, kwamba programu yenyewe imetungwa kwa mtindo wa kisasa wa objekti. Katibu anauliza: je, tumwamini?

Nitamjibu. Ila naomba kwanza nimchukue safari ya mbali, hadi mahali paitwapo Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, kwenye pwani ya Amerika ya Kusini.

Asubuhi ya tarehe 4 Juni, 1996, nchi za Ulaya zilirusha kutoka hapo roketi mpya iliyoitwa Ariane 5. Ilikuwa safari yake ya kwanza, na ilibeba setilaiti nne za utafiti zilizopewa jina la Cluster. Sekunde zipatazo 37 baada ya injini kuwashwa, roketi ilipinda ghafla, ikaanza kuvunjika kwa nguvu ya upepo, na mtambo wake wa kujilipua ukafanya kazi yake. Vipande vilianguka kwenye matope na mikoko karibu na kituo. Kazi ya miaka mingi ikaisha kabla watazamaji hawajashusha shingo zao.

Ilikuwaje? Roketi ile ilikuwa na mitambo miwili ya kupima mwelekeo na mwendo wake. Mmoja kazini, mwingine wa akiba, sawasawa na ahadi ya wakala wetu. Yote miwili ilikuwa ya aina moja na ndani yake mlikuwa na programu moja. Iliundwa tume ya uchunguzi chini ya mwanahisabati Mfaransa, Jacques-Louis Lions, na tume hiyo ikagundua jambo ambalo kila nikilisoma nashindwa kujua kama nicheke au nilie. Mtambo wa akiba ndio uliotangulia kufa. Ule uliokuwa kazini ukaufuata baada ya sehemu zipatazo 50 za elfu moja za sekunde, kwa sababu ile ile. Kompyuta kuu ya roketi ilipotaka kukimbilia akiba, ilikuta akiba imekwisha kuwa maiti.

Na sababu yenyewe? Programu ilichukua namba kubwa inayohusu mwendo wa roketi kwa ulalo, ikajaribu kuitia katika nafasi ndogo isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Ni kama kumimina debe la mchele ndani ya kibaba. Namba ikafurika. Programu hiyo ilikuwa imerithiwa kutoka kwa roketi ya zamani, Ariane 4, ambayo mwanzoni mwa safari haikuwa na mwendo mkali namna hiyo, na kwa hiyo kibaba kilikuwa kimetosha miaka yote. Namba saba za aina hiyo zilikuwa katika hatari. Nne ziliwekewa kinga, tatu zikaachwa bila kinga ili kompyuta isilemewe na kazi. Kinachouma zaidi ni kwamba sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini. Ilikuwa inazunguka tu, kwa mazoea ya marehemu babu yake.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo jibu la katibu wetu lilipo. Wabunifu wa mtambo ule hawakuwa wajinga. Walifikiria kosa, tena walilifikiria sana. Lakini kosa walilolifikiria lilikuwa ugonjwa wa chuma: waya kukatika, kifaa kuungua. Kwa ugonjwa huo dawa yao ilikuwa sahihi kabisa: mtambo ukijiona mgonjwa, ujizime, mwenzake ashike usukani. Kwa hiyo namba ilipofurika, mitambo yote miwili ilijiona migonjwa, yote miwili ikajizima kwa utii. Kabla ya kunyamaza, mtambo ulitoa taarifa ya ugonjwa wake. Kompyuta kuu ikaisoma taarifa hiyo kana kwamba ni taarifa ya safari, ikageuza midomo ya injini mpaka mwisho, kusahihisha upotovu ambao haukuwapo.

Chuma huchakaa. Balbu mbili za kiwanda kimoja, ulizonunua duka moja, haziungui dakika moja, na ndiyo maana balbu ya pili ni akiba ya kweli. Programu haichakai. Kosa lililomo ndani yake leo limo tangu siku ilipotungwa, na limo katika kila nakala, likingoja siku yake. Barua yenye kosa la tahajia ukiitoa nakala mia moja, unapata makosa mia moja. Mama wa nyumbani wa Kariakoo au wa Kisauni analielewa jambo hili vizuri. Hawezi kufunga majiko mawili ya gesi kwenye mtungi mmoja akasema ana akiba. Ana jiko la gesi, na uvunguni ana jiko la mkaa.

Wataalamu wa kompyuta nao waliwaza jiko la mkaa. Tena wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1834 Dionysius Lardner, akieleza mashine ya hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage wa Uingereza, aliandika kwamba njia ya uhakika ya kukamata makosa ni kuwapa wahesabu tofauti hesabu ile ile, na bora zaidi kama kila mmoja atatumia njia yake. Wahesabu wa siku hizo walikuwa watu wenye kalamu. Katika miaka ya 1970 wazo hilo likaingizwa ndani ya programu. Brian Randell, katika Chuo Kikuu cha Newcastle, alipendekeza mwaka 1975 utaratibu unaofanana na jikoni penye wapishi wawili: mpishi wa kwanza anapika, mchuzi unaonjwa, ukiwa mbaya unamwagwa, vyombo vinarudishwa kama vilivyokuwa, na mpishi wa pili anaanza upya kwa mapishi yake. Algirdas Avizienis, mzaliwa wa Lithuania aliyefundisha Los Angeles, yeye alitaka wapishi wote wapike kwa pamoja. Timu tatu zinapewa maelezo yaleyale ya kazi, kila timu inatunga programu yake bila kuonana na nyingine, kisha programu zote tatu zinaendeshwa na majibu yanapigiwa kura. Wawili wakisema 10 na mmoja akisema 12, jibu ni 10.

Hapo ndipo zinapoingia objekti za wakala wetu. Objekti si kitu cha ajabu. Ni kipande cha programu kinachobeba kumbukumbu zake na ujuzi wake pamoja, kama fundi na sanduku lake la vifaa. Aliye nje hajui fundi anashika nyundo ipi. Anajua tu mkataba: nikikupa hiki, utanipa kile. Mtindo huu ulianzia Norway, Oslo, katika miaka ya 1960, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na leo umeenea kila mahali. Kwa mtu anayetaka akiba ya kweli, mkataba huo ni neema. Tuseme mkataba unasema: nipe mkopo na tarehe, nikupe riba. Unaweza kuweka nyuma yake mafundi watatu waliofundishwa kwa njia tatu, na mbele yao mpiga kura mmoja. Programu nyingine zote za chama zinamwona mtu mmoja tu mlangoni, hazijui kwamba ndani kuna baraza.

Lakini mtindo huo huo una sifa nyingine, na hiyo ndiyo wakala anayojivunia bila kujua anachojivunia. Objekti hurithi. Ukishatunga aina moja ya objekti, unaweza kutunga nyingine inayorithi kila kitu kutoka kwa ile ya kwanza, ukaongeza kidogo tu cha kwako. Inaokoa muda na fedha. Ndiyo sababu makampuni yanaupenda. Sasa chukua wale mafundi watatu wa riba. Kila mmoja ametungwa na mtu wake, chumba chake, hawajaonana. Lakini wote watatu, kwa kuwa hakuna anayependa kutunga upya kitu kilichokwisha kuwapo, wamerithi hesabu ya siku na miezi kutoka kwa babu mmoja. Babu huyo akisahau kwamba Februari ina siku 29 katika mwaka mrefu, wajukuu wote watatu watasahau. Kura itapigwa: tatu kwa sifuri. Kosa litapita kwa ushindi wa kishindo, na mwanachama atakayelalamika ataonyeshwa kwamba programu tatu zimekubaliana dhidi yake.

Nirudi kidogo Kourou. Programu ya Ariane ilitungwa kwa lugha ya Ada, haikuwa ya mtindo wa objekti, lakini ugonjwa wake ulikuwa huo huo wa urithi. Mwanzoni mwa mwaka 1997 Bertrand Meyer, mmoja wa mabingwa wa mtindo wa objekti, pamoja na mwenzake Jean-Marc Jézéquel, waliandika kwamba kosa lilikuwa kukirithi kipande cha programu bila kuandika juu yake masharti yake. Kile kibaba kilipaswa kuwa na maandishi: hapa isiingie namba kubwa kuliko hii. Maandishi hayo yangekuwapo, aliyeichukua kazi ya zamani na kuipachika kwenye roketi mpya angesimama akajiuliza.

Je, ukiwatenga watungaji kabisa, wasirithi chochote cha pamoja, utakuwa salama? Nilipokuwa sijasoma habari hizi ningesema ndiyo bila kusita. Mwaka 1986 John Knight na Nancy Leveson walitoa matokeo ya jaribio lao lililozua mabishano makali. Waliwapa wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, kimoja Virginia na kingine California, kazi moja: programu ya kuamua, kwa kutazama alama za rada, kama kombora la ulinzi lifyatuliwe au lisifyatuliwe. Zikapatikana programu 27, kila moja na mtungaji wake. Zilijaribiwa mara milioni 1. Nyingi zilikuwa nzuri sana, na 6 hazikukosea hata mara moja. Lakini katika majaribio 1,255, programu mbili au zaidi zilikosea kwa pamoja. Kuna mahali ambapo programu 8 kati ya 27 zilianguka kwenye shimo moja. Idadi hiyo ilikuwa kubwa mno kuliko ambayo ingetokea kama kila mmoja angekuwa anakosea kivyake.

Watu hawa hawakuibiana majibu. Ila sehemu ngumu ya kazi ni ngumu kwa kila mtu, na penye utelezi wapita njia wengi huteleza palepale. Zaidi ya hayo walisoma vitabu vya namna moja na kufundishwa na walimu wa namna moja. Waliopinga jaribio hilo walisema wanafunzi si wahandisi waliokomaa. Labda. Mimi nimekaa na wahandisi waliokomaa, na sijaona kwamba ukomavu unawafanya watu waache kufikiri kwa kufanana. Mara nyingine ndio kwanza unazidisha.

Pamoja na hayo, wapo waliolipa gharama na kuendelea. Ndege ya Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, rubani wake hashiki kamba zinazokwenda moja kwa moja hadi kwenye mabawa. Anaiambia kompyuta, na kompyuta inaliambia bawa. Kompyuta tano zinazosimamia kupanda, kushuka na kuinama ni za aina mbili, kutoka watengenezaji tofauti, na zilipotoka aina moja ilikuwa na ubongo wa Motorola na nyingine wa Intel. Kila kompyuta ina pande mbili, mmoja unaamuru na mwingine unaukagua, kila upande na programu yake. Jumla programu nne kwa kazi inayokaribiana. Boeing, katika ndege ya 777 ya mwaka 1995, nao walitaka timu tofauti lakini wakaghairi. Waliona ni afadhali nguvu zote ziende kwenye programu moja iliyokaguliwa sana, ila waliiweka kwenye ubongo wa aina tatu na kuipitisha kwenye programu tatu tofauti za kuitafsiri. Wataalamu wakubwa wawili, majibu mawili. Asikudanganye mtu kwamba jambo hili limekwisha.

Gharama yake ni nzito, na haiishii kwenye mishahara ya timu ya pili. Yuko mpiga kura. Programu moja inakata senti kila mwezi, nyingine inakata mwisho wa mwaka. Zote ziko sahihi na majibu yanapishana senti 50. Mpiga kura akiwa mkali atapiga kengele kila usiku hadi watu wamzime. Akiwa mlegevu, mwizi wa senti 50 kwa kila akaunti atapita mlangoni akiimba. Kisha yuko yule aliyeshindwa kura. Ndani yake kumbukumbu zimekwisha haribika, lazima arudishwe kwenye mstari kwa kutumia kumbukumbu za wenzake, na wenzake wanaziandika kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa tuliwaambia wawe tofauti. Watu wa Newcastle walihangaika na fundo hili katika objekti miaka ya 1990.

Na yuko mhasibu. Vyombo vya angani vya Marekani vilivyoitwa Space Shuttle vilikuwa na kompyuta nne zenye programu moja ya IBM, na ya tano yenye programu tofauti iliyotungwa na Rockwell. Vilifanya safari 135, kuanzia mwaka 1981 hadi 2011. Ile ya tano haikuitwa hata mara moja kushika usukani angani. Tena tarehe 10 Aprili, 1981, ndiyo iliyochelewesha safari ya kwanza kwa siku mbili, kwa sababu haikupatana saa na zile nne. Hebu mtetee mbele ya bodi mfanyakazi wa namna hiyo.

Nami yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja nilichokuwa nikifanya kazi, tulikuwa na kompyuta mbili za kurushia vipindi. Siku moja, dakika mbili kabla ya taarifa ya habari, ya kwanza iliganda. Tukahamia ya pili, nayo ikaganda palepale. Zote zilikuwa zinasoma orodha moja, na katika orodha hiyo mtu alikuwa ameandika jina la tangazo refu kupita kiasi. Fundi wetu mzee, ambaye sisi vijana tulimcheka kwa kukataa kuitupa mashine yake ya kaseti, alitia ngoma ya Tanga hewani na kuangalia ukutani bila kusema neno. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama rais amefariki.

Yetu yalikuwa madogo. Ijumaa ya tarehe 19 Julai, 2024, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilisambaza faili moja la kuongezea nguvu programu yake ya ulinzi. Lilikuwa na kosa. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilianguka, viwanja vya ndege vikasimama, hospitali zikaahirisha kazi. Penye kompyuta ya akiba yenye programu hiyo hiyo, akiba nayo ilipokea faili hilo hilo. Na wasikilizaji wa Dar es Salaam hawajasahau Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka huo huo, intaneti ilipozorota kwa sababu nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Majina mawili, wenyewe wawili, njia moja chini ya bahari.

Basi, ndugu katibu, jibu lako. Kompyuta mbili za wakala zinunueni. Zitawafaa siku umeme utakapounguza moja, siku paa litakapovuja, siku mwizi atakapopita. Ila ya pili isikae chumba kimoja na ya kwanza. Lakini kwa kosa la programu yenyewe, kompyuta hizo ni moja. Chama chenu si kampuni ya ndege, hakiwezi kulipa timu tatu. Mnaweza hata hivyo kumlipa kijana mmoja, asiye wa wakala, atunge programu ndogo kwa lugha nyingine, inayosoma miamala ya siku na kukokotoa upya riba na salio la kila mwanachama usiku, kisha kulinganisha. Isirithi chochote kutoka kwa programu ya wakala, hata kalenda. Mpeni katiba yenu na kanuni za mikopo aanze nazo mwenyewe. Msimpe maelezo yaliyoandikwa na wakala, maana kosa la maelezo huwaingia wote. Mabadiliko ya programu yatiwe kwenye kompyuta moja kwanza, nyingine ingoje wiki. Na karani wenu wa madaftari asiachishwe kazi mwaka huu. Aendelee kuandika kwa kalamu akaunti chache atakazozichagua mwenyewe, wala asimwambie mtu ni zipi.

Wakala muulizeni maswali mawili tu. Objekti zake za riba zimerithi kutoka wapi, na masharti ya kile zilichorithi yameandikwa wapi. Akiyajibu vizuri, mkaribisheni chai. Akikasirika, niandikie tena kabla hamjatia sahihi.